Shavu la Kulia la Baba

Harufu ya sabuni ya mche iliyoloweshwa kwenye maji moto hunirudisha nyumbani kwetu, kijiji kilicho nje kidogo ya Bariadi, hata kama nafua nguo zangu tu. Nayaona tena mashavu ya baba, meupe kwa povu, nami nimesimama mbele yake na wembe wa kukunja.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, malori yao yakaanza kufuata pamba hadi vijijini, na ghala la chama likafungwa. Baba alisema litafunguliwa tu. Likiwa bado limefungwa, kiharusi kikamwangusha uani asubuhi moja, na mkono wake wa kulia, wa kuandikia na kunyolea, ukalala.

Ndevu zilipoanza kumfunika, mama alimnunulia nyembe za plastiki mnadani, akazikataa. Alitaka wembe wake. Mama mwenyewe hakuthubutu kuusogeza karibu na koo la mumewe. Kaka zangu walikuwa Mwanza wakitafuta kazi. Nikabaki mimi, binti wa miaka kumi na miwili.

Alinifundisha kwa maneno machache, maana ulimi wake ulikuwa bado mzito. Kwanza kuupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, huku na huku, mgongo ukitangulia. Kisha akaniagiza nilipake papai povu na kulinyoa bila kulichuna. Nililichuna sana. Wiki nzima tulikula mapapai yenye ladha ya sabuni, na mama hakulalamika.

Jumatatu niliyoruhusiwa kumnyoa yeye, nilianza na shavu la kushoto. Vuta ngozi kwa kidole, alisema, laza wembe, fuata ndevu zinakolala. Likatoka safi. Nikahamia shavu la kulia kwa majivuno, na hapo nikaona mstari mwekundu ukishuka kwenye povu hadi kwenye kola. Nilikuwa nimemkata, tena si kidogo. Nilisubiri ashtuke au anikaripie. Yeye alikuwa akitazama mlangoni, ametulia kabisa.

Nikafuta haraka kwa taulo. Aliiona damu.

"Umenikata?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Alijigusa shavu kwa mkono wa kushoto, akavitazama vidole vyake kwa muda mrefu.

"Sikusikia," alisema.

Nilimaliza kazi nikilia. Nilidhani amenikasirikia, maana siku ile hakula, wala hakuuliza habari za ghala. Jumatatu iliyofuata nilijificha jikoni mpaka aliponiita. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba," macho yangu yakiwa chini. Akanigeuzia shavu la kulia.

"Ng'wanone, mwanangu, anzia huku. Huku siumii."

Alifariki kabla pamba ya mwaka ule haijapasuka. Wanaume wa ukoo ndio waliomwandaa kwa maziko, mimi sikuitwa.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kwa majivuno, kwamba baba alinifundisha kazi ya wanaume. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, nilipoelewa kwamba hadi Jumatatu ile alikuwa akiamini upande ule utaamka na kumrudisha kazini. Mimi ndiye niliyemletea habari kwamba hautaamka. Naye, badala ya kunichukia, alinipa shavu lile nijifunzie.