Mnyororo wa Torgeir na Mkufu wa Aslaug

Bondeni kwetu hakuna aliyethubutu kumwambia Torgeir Bjørkum neno lolote kuhusu barabara ya mlimani. Mimi nilikuwa mmoja wa waoga hao, ingawa nauza vifaa vya magari na kuwashauri wateja ndiyo kazi yangu.

Torgeir alivuka mlima na lori la jibini kwa miaka thelathini na minane. Nusu ya madereva wa hapa walifundishwa na yeye, na nusu nyingine walitukanwa na yeye. Miaka yote hiyo mkewe Aslaug alibaki nyumbani, akitazama dirishani na kupasha viazi mara ya pili. Torgeir alipostaafu walinunua gari la kulala ndani, lenye kitanda, jiko na choo. Aslaug akasema kwamba sasa ni zamu yake kuvuka mlima majira ya baridi, na safari ya kwanza iwe kwa dada yake Borghild, aliyekuwa kwenye nyumba ya wazee upande wa magharibi.

Mwezi wa Oktoba walikuja dukani kuchagua vifaa vya kushikia theluji. Tairi zenye misumari ya kung'ata barafu walikuwa nazo, lakini misumari peke yake haitoshi kwenye kona ya tatu ya barabara ya mlimani, penye mteremko. Nikawawekea vitu vitatu mezani. Cha kwanza soksi za kitambaa za kuvisha tairi. Torgeir alizishika kwa vidole viwili na kuuliza kama ninauza na chupi zake. Cha pili mnyororo wa kuzungushia tairi, mwembamba, mwepesi, uliotengenezwa kwa magari yasiyo na nafasi kubwa kati ya tairi na vyuma vya ndani. Cha tatu mnyororo mzito, kama wa kufungia ng'ombe dume.

"Huu si mnyororo," Torgeir alisema akiuning'iniza ule mwembamba mbele ya shingo ya mkewe. "Huu ni mkufu. Hata bibi harusi angeukataa."

Aslaug hakucheka. Alikuwa amevaa miwani, na kitabu cha gari amekifungua juu ya meza yangu. Akasema kwamba kimeandikwa minyororo ifungwe mbele, tena myembamba tu. Torgeir akamjibu kwamba kitabu kile kimeandikwa na mtu wa tambarare.

Nikajikaza nikauliza, "Torgeir, utafunga mbele au nyuma?"

"Steinar, mimi nafunga minyororo tangu wewe unakojoa kitandani. Mnyororo unafungwa nyuma."

Kwa lori, ni kweli. Lori husukumwa na magurudumu ya nyuma. Lakini gari lao lilikuwa linavutwa na ya mbele, na mimi nilijua. Nikafyata ulimi, nikamfungia ule mzito kwenye mfuko. Tunapenda kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu mwenyewe akikosea, nani amwambie?

Wiki mbili baadaye alituita uani kwake tutazame mazoezi. Ardhi ilikuwa kavu, jua linawaka. Aslaug alishika saa, Torgeir akapiga magoti na kufunga magurudumu ya nyuma, dakika nne kila gurudumu. Majirani wakapiga makofi. Kisha akalizungusha gari uani, nalo likaenda vizuri, maana kwenye changarawe kavu gari huenda hata ukilifunga kamba za viatu. Nilijaza mdomo mkate na jibini la kahawia ili nisiulizwe kitu.

Jumatatu iliyofuata Aslaug alikuja dukani peke yake, kwa basi. Akaomba ule mwembamba.

"Nimemwambia," alisema. "Alinuna siku tatu, hakula hata samaki. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Basi sote wawili tuna akili, ila wewe huna ulimi."

Maneno hayo yaliniuma, na yalistahili kuniuma. Nikamwonyesha namna ya kuufunga. Kuanzia siku hiyo, Torgeir akijilaza baada ya chakula cha mchana, Aslaug alikuwa anatoka na kufanya mazoezi kwenye banda la gari. Akimaliza anauficha mnyororo chini ya kiti, kwenye sanduku la viazi.

Mwezi wa Februari simu ikapigwa kutoka nyumba ya wazee. Borghild ameacha kula. Muuguzi alisema kama wanataka kumwona, waje sasa. Ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa asubuhi waliondoka.

Yaliyotokea kwenye kizuizi cha barabara, chini ya mlima, nilisimuliwa na Ragnfrid, anayeendesha gari la kukwangua theluji. Mlima ukichafuka, magari hayapandi ila kwa msafara nyuma yake, na yeye ndiye anayeamua nani apande. Ragnfrid ni mtu wa upande wa pili, hamjui Torgeir wala hamwogopi. Siku hiyo magari yalikuwa kumi na moja. Aliyazunguka moja moja, akafika kwa Torgeir aliyekwisha kufunga minyororo yake na amesimama pembeni, mikono mfukoni.

"Umefunga nyuma," Ragnfrid akamwambia.

"Nimefunga panapofungwa."

"Gari hili linavutwa na mbele, mzee. Ya nyuma yanafuata tu. Ukikwama pale juu, walio nyuma yako wote wamekwama. Hamishia mbele."

Torgeir akapiga magoti. Mnyororo haukupita. Ragnfrid akavua glavu na kuingiza kidole kati ya tairi na chuma cha springi, nacho kikakwama. Akamweleza bila ukali kwamba msafara unaondoka baada ya dakika ishirini, na baada ya huo anafunga mlima kwa sababu upepo unakuja. Labda utafunguliwa Jumapili, labda baadaye.

Anasema mzee alibaki amepiga magoti kwenye theluji, mnyororo wake mapajani.

Mlango ukafunguliwa. Aslaug akashuka na mfuko mkononi, akavua glavu zake.

"Nipishe hapo," alimwambia mumewe.

Torgeir akampisha. Aslaug akalala ubavu kwenye theluji, akapitisha ule mkufu nyuma ya gurudumu la mbele, akaunganisha, akakaza, akahamia upande wa pili. Torgeir alizichukua zile glavu akaziweka ndani ya koti lake, kifuani, zisipoe. Mke alipomaliza, mume alimvisha mwenyewe, moja baada ya nyingine. Ragnfrid akawapa nafasi ya pili nyuma yake.

Juu mlimani, theluji ikipita mlalo mbele ya kioo, Torgeir akamuuliza mkewe.

"Ulinunua lini?"

"Novemba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Oktoba."

Sehemu hiyo nilisimuliwa na Aslaug. Anasema kwenye kona ya tatu gari lilikata bila kuteleza, na Torgeir akamwekea mkono gotini.

Walimkuta Borghild macho. Alimtambua dada yake, akala vijiko viwili vya uji kutoka mkononi mwake, akamkemea kwa kuwa na nywele chafu.

Mwezi wa Machi Torgeir aliingia dukani akatupa ule mnyororo mzito mezani kwangu. Nikadhani anataka kuurudisha, nikaanza kutafuta risiti. Akatikisa kichwa.

"Borghild alikufa Jumapili ile ile asubuhi, siku mbili baada ya sisi kufika," alisema. "Mlima ulifunguliwa Jumatatu."

Nilimpa pole. Kisha, kwa kuwa dhamiri ilikuwa inanisuta, nikajitetea. "Lakini nilikuuliza, Torgeir. Mbele au nyuma."

"Uliniuliza mara moja. Mtu kama mimi anaulizwa mara mbili."

Akatoka, akauacha mnyororo mezani. Nimeutundika ukutani nyuma yangu, na wateja wengi hudhani unauzwa.