Sifa kabla ya silikoni

Leo dada yangu ameikosa safari ya Ozi kwa sababu ya tone la maji.

Sote tulihama Ozi miaka mingi iliyopita. Leo tulikutana Kipini nimpandishe mtoni kwa kimashua changu, maji yakijaa, akalione kaburi la mama. Kesho anarudi Mombasa.

Asubuhi nilifunga chuma kipya cha kufungia kamba kwenye sitaha. Marehemu baba hakugusa ubao bila kuupaka sifa, yale mafuta ya papa. Nami nikaupaka. Kisha nikatia silikoni ya kuzibia maji, nikakaza bolti.

(Mafundi, chekeni. Silikoni haishiki penye mafuta.)

Nikajaribu kwa ndoo ya maji. Chini ya sitaha likadondoka tone.

“Twende hivyo hivyo,” dada akasema. “Nitajifunika kanga.”

Nikakataa. Nikafungua, nikasugua mafuta mpaka yakatoka, nikafunga upya.

Sasa halipiti hata tone. Lakini maji yamekupwa, na kimashua kimekaa topeni.

Ninyi mngeondoka?

Dada alivaa viatu vyake taratibu.

“Baba alipaka sifa, mdogo wangu. Wewe wazitafuta.”