Mlango wa Mama Pindo

"Mlango wangu uko wapi?"

Mwalimu alikuwa ameinamia karai ananawa vumbi la mbao mikononi, na alivyozidi kuinama ungedhani anatafuta mahali pa kujificha ndani ya maji yale.

"Mlango upi?"

"Usiniulize mlango upi, kana kwamba nyumba hii ina milango ya kuchagua! Ule ulioegemea ukuta wa karakana. Ule uliouranda mbele ya macho yangu, ukaniambia nipapase nione ulivyo laini. Nimepita leo, nimepapasa ukuta."

"Ah, ule." Akajipangusa mikono kwenye suruali. Hilo nalo lilikuwa kosa, ukiwa umeoa fundi wa nguo, ila lilibidi lisubiri foleni. "Ule mimi na vijana wangu wa shule tumempelekea bibi anayekaa nyuma ya zahanati. Wa kwake umeliwa na mchwa, Mama Watoto. Ukiuona utalia."

"Nilie? Acha kwanza nilie kwangu, kwa bibi nitakwenda kumalizia."

Huo ulikuwa mlango wa tatu. Wa kwanza uliishia zahanati, ukalazwa, ukatiwa miguu, ukawa meza ya kupimia watoto wachanga. Wa pili ulikwenda kusitiri choo cha wasichana pale shuleni anapofundisha. Kila mmoja ulianza maisha yake ukiitwa mlango wa chumba cha mkewe, na kila mmoja ulitoka nyumbani bila hata kuaga.

"Angekuwa anahonga vimada ningejua pa kumshitaki," mke alimwambia wifi yake, dada wa Mwalimu, aliyekuwa amekuja kupunguziwa sketi. "Huyu nitamshitaki kwa kosa gani? Kwamba ana huruma?"

Wifi alikuwa na kinywa kisichojua likizo. "Vumilia tu, wifi yangu. Kaka akifa, mji mzima utamlilia."

"Utamlilia. Na mimi nitawapokea waombolezaji mlangoni, kama mlango utakuwepo."

Mke huyu watu walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuwahi kushona pindo moja pale panapoingia mawili. Nguo yake ilichakaa kitambaa chote, pindo likabaki linashangaa. Shule aliishia ya msingi. Kichwa alikuwa nacho, ila baba yake alikuwa na watoto wengi kuliko mifuko, basi akapelekwa kwa shangazi mshonaji, akae chini ya cherehani aokote sindano. Akaokota sindano, akaokota na ufundi. Shangazi alikuwa mtu wa kufumua: ukikosea mshono anaufumua wote, mwenye nguo akiwa amesimama hapo hapo anatazama. Ukali ule Mama Pindo aliurithi pamoja na mkasi.

Mwalimu alikuja kwao na suruali ipunguzwe. Akarudi, ipunguzwe tena. Aliporudi nayo mara nyingine binti akamtazama juu mpaka chini. "Wewe kaka, unafupika, au una shida gani?" Akasema shida yake ni kuoa. Alikuwa mwalimu mgeni wa useremala, hana kitu ila randa na maneno matamu. Siku ya posa akaahidi mbele ya shangazi, hakuna aliyemlazimisha: "Nitamjengea chumba chake cha kushonea, kina dirisha na mlango."

Chumba akajenga, akakielekeza barabarani ili wateja wasikatize sebuleni. Dirisha akatia. Mlango ndio hivyo. Ahadi ni deni, na deni hili lilikua pamoja na watoto wao. Watoto wakaoa na kuolewa wakaondoka, lenyewe likabaki nyumbani kula bure.

Mahali pa mlango palikuwa na pazia. Sasa pazia linazuia nini? Linazuia macho ya mtu mwenye adabu, basi. Kuku wa jirani aliingia akataga kwenye kapu la sare. Mbuzi aliingia akala mkono wa gauni la bibi harusi, na kwa kuwa bibi harusi hawezi kuolewa na mkono mmoja, Mama Pindo alinunua kitambaa kingine akashona upya, kwa hasara yake. Kila jioni aliibeba cherehani mpaka chumba cha kulala, kila asubuhi akairudisha, mgongo ukilalamika kwenda na kurudi.

Hayo yote angeyameza, kama alivyozoea. Lililomkaa kooni ni maneno ya mama mkuu wa shule ya chekechea.

"Sare za watoto wangu wote ningekupa wewe," yule mama alimwambia. "Mkono wako naujua. Lakini robota zima la kitambaa siwezi kulilaza nyuma ya pazia. Ukipata mlango wenye komeo kabla shule hazijafunguliwa, njoo ulichukue. Usipopata usinichukie, nampa fundi wa sokoni."

Kazi kama ile haiji mara mbili kwa mshonaji wa uchochoroni. Ndiyo maana siku ile alipopapasa ukuta badala ya mlango, hazikuwa mbao tu zilizokosekana; na kazi ile ilikuwa inamponyoka.

Mwalimu naye, tumtendee haki, hakuwa mtu wa kupuuza. Alikuwa amelewa kazi yake. Pale shuleni alianzisha klabu ya vijana wanaojifunza somo kwa kuwafanyia watu kazi. Hesabu za pembe walizielewa walipojenga mteremko wa viti vya magurudumu pale zahanati. Eneo na mzingo walivikuta kwenye paa la yule bibi wa nyuma ya zahanati. Na walikuwa na sheria moja tu: usiguse nyumba ya mtu kabla hujamuuliza anakosa nini, na anakitaka kiwe vipi. Sheria hiyo ilitokana na balaa. Mwanzoni kabisa walitaka kumfurahisha fundi viatu, wakaja asubuhi mapema wakakipaka kibanda chake rangi ya kijani. Wateja wakapita moja kwa moja wakidhani amehama. Fundi viatu aliwafukuza na kiatu mkononi.

Sasa klabu hiyo iliitwa kwenye kongamano la taifa, mkutano wa walimu na vijana wanaofundishana kwa njia hiyo, kutoka kila upande wa nchi. Mwalimu alipewa muda wa kuonyesha jinsi wanavyouliza. Akaja nyumbani anang'aa kama sufuria mpya.

"Mama Watoto, tutahitaji bango la kitambaa. Lenye herufi za kushonwa."

"Hakuna mlango, hakuna bango."

"Nikirudi tu kutoka kwenye kongamano..."

"Ukirudi utakuwa umemgawia mtu dirisha."

Alikaza hivyo hivyo mpaka wasichana wa klabu walipokuja wenyewe na vipande vya kitambaa walivyokusanya majumbani kwao, vingine vimefifia, vingine vya maua. Wakasimama nje ya pazia wakabisha hodi. Mtoto anayebishia pazia hodi utamfanya nini? Akavipokea. Maneno waliyotaka yalikuwa mawili: ULIZA KWANZA. Aliposhona ile herufi ya mwisho alikata uzi kwa meno, ingawa mkasi ulikuwa mapajani.

Wasichana hawaruhusiwi kusafiri bila mlezi wa kike. Mwalimu wa kike aliyepangwa akaugua, basi Mama Pindo akajikuta ndani ya basi, bango limekunjwa chini ya miguu, hana hamu.

Ukumbi ulikuwa wa chuo kimoja, una viti vya plastiki na kipaza sauti kinachopiga mluzi. Kandokando zilipangwa meza za shule. Hawa wamesafisha chemchemi wakajifunza habari za wadudu, wale wanawafundisha wauza mboga kusoma na wao wanajifunza kuandika barua. Mama Pindo alizunguka akikagua mapindo ya vitambaa vya meza. Mengi hayakumridhisha.

Mwalimu alipanda jukwaani, bango nyuma yake, akaeleza vizuri. Kwa kweli alieleza vizuri mpaka mkewe akasahau kidogo kumchukia. Kisha akasema, "Sasa tufanye. Kila mtu aliyemo humu amgeukie asiyemjua, amuulize nyumbani kwake anakosa nini. Sikilizeni, msitoe ushauri."

Aliyemgeukia Mama Pindo alikuwa binti wa shule ya mbali, miwani yake imefungwa uzi sikioni.

"Mama, shikamoo. Nyumbani kwako unakosa nini?"

"Marahaba. Nakosa subira."

"Na kingine?"

"Mwanangu, mimi nimekuja kulea. Waulize wenye kongamano lao."

"Wamesema kila mtu aliyemo humu. Na wewe umo."

Binti akasubiri, miwani imekaa upande. Mama Pindo hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumsubiri amalize kusema bila kutazama suruali yake imefikia wapi. Akasema mlango. Baada ya mlango yakafuata yenyewe: kuku, mbuzi, mgongo, robota la sare, shule zinazokaribia kufunguliwa. "Na cha ajabu, mume wangu ni seremala," akamalizia. Hakusema ni nani. Nguo ya ndani hufuliwa nyumbani, haianikwi barabarani.

Alidhani yameishia hapo. Kumbe mwendesha kikao, bwana mmoja mchangamfu mwenye tai fupi, alitaka wachache waeleze walichosikia, na binti wa miwani akawa wa kwanza kukimbilia kipaza sauti.

"Mimi nimeongea na mama yule pale. Anakosa mlango. Anao mume, na mume wake ni seremala!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu walipiga meza, wengine walisimama wapate kumwona.

"Jamani, jamani!" Mwendesha kikao alikuwa anafuta machozi. "Mama, huyo mzee yuko wapi tumpigie makofi?"

Mama Pindo akatazama jukwaani. Mwalimu alikuwa amekauka kama ubao, chaki mkononi, chini ya maneno ambayo yeye mkewe aliyashona. Wanafunzi wake wa mstari wa mbele walikuwa wanacheka pamoja na wengine, kasoro wale wasichana wa vipande vya vitambaa, ambao pazia walilijua. Hao walikuwa wameinama. Alikuwa amengoja miaka mtu ashike upande wake, sasa ukumbi mzima umeshika, na tazama, ushindi huo haukuwa mtamu hata kidogo.

"Yuko safarini," akasema. Haukuwa uongo, walisafiri basi moja.

"Akirudi mwambie tunamsalimu!"

Kicheko kikaanza tena, kikakatika. Mwalimu alikuwa ameshuka, anakuja kwenye kipaza sauti, mwendo wa mtu anayekwenda kutoa mwiba.

"Mume mwenyewe ni mimi," akasema. "Nimeuliza mtaa mzima. Kwangu sikuuliza."

Halafu vijana, kama walivyo vijana, wakaona wamepata kazi. Mmoja akasimama akasema wao wana mbao. Mwingine akasema wao wana bawaba. "Tumjengee mama!" wakaanza kuimba, na mwendesha kikao akatangaza kwamba huo uwe mradi wa kongamano zima, upigwe na picha.

Mama Pindo akaenda akakitwaa kipaza sauti, akakishika kama anavyoshika mkasi.

"Asanteni, wanangu, Mungu awabariki. Lakini mimi siyo mradi. Anayedaiwa yupo, ana mikono na randa anayo. Ninyi mkimlipia, mimi nitamdai nini uzeeni?"

Walicheka, safari hii na Mwalimu akiwemo, na wakapiga makofi mpaka mluzi wa kipaza sauti ukashindwa.

Ndani ya basi la kurudi Mwalimu alipakata bango kama mtoto mgonjwa. Njiani akasema, "Kwa nini uliwaambia niko safarini?"

"Ulitaka niseme uko hapo juu, umesimama chini ya herufi zangu?"

Baadaye akasema, "Ahsante," akitazama dirishani.

Siku iliyofuata, kabla hata ya chai, alikuja kusimama kwenye pazia akiwa na futi. Hakupima. Alibisha hodi.

"Nani?"

"Fundi. Nimekuja kuuliza. Mlango wako unataka ufungukie upande gani?"

Mama Pindo akainua kichwa kutoka kwenye kitambaa. Swali hilo hakuwahi kuulizwa, na kwa kuwa hakuulizwa hakuwahi kuliwaza. Akageuka akatazama cherehani, ilivyobanana na kuta, palipo na mwanga wa dirisha.

"Ile mingine yote ilifungukia wapi?"

"Ndani."

"Ingenigonga mgongoni kila anapoingia mteja."

"Ingekugonga," Mwalimu akakiri.

"Kumbe bibi wa zahanati kaniokoa!" Akacheka mpaka akaiweka sindano chini. "Nje, fundi. Ufungukie nje. Na komeo likae ndani, kufuli nje, lisiwe juu, mimi siyo twiga."

Aliufanya mwenyewe. Vijana wa klabu walipopita kutaka kushika msumeno akawafukuza: leo siyo kipindi, leo ni madai. Akachonga fremu kwa patasi, akapiga bawaba, akatoa pazia na kumkabidhi mwenyewe likiwa limekunjwa. Wifi alikuja na kiti chake akaketi kutazama, kama mtu aliyelipia.

Ulipofungwa ulifungwa barabara. Ulipofunguliwa, pembe yake ya chini ilikwaruza kizingiti cha saruji kwa sauti ya kutia ganzi menoni.

"Kaka," wifi akasema, "huo mlango unalia au unaimba?"

Mwalimu alishapiga magoti na randa, jasho linamtiririka. "Naupunguza kidogo tu. Niuvue, nirande huku chini, kesho asubuhi..."

"Uvue uende wapi?" Mama Pindo alishauegemea kwa mgongo, mikono kifuani. "Huu hautoki hapa hata kwa dakika moja. Ukitoka utasikia uko zahanati."

"Lakini unakwaruza."

"Na ukwaruze. Mtu akiingia nitajua hata nikiwa jikoni." Akaingiza kufuli, akafunga, akavuta kuhakikisha, akautia ufunguo kwenye nguo kifuani. Alikuwa ameshavaa viatu vya kwenda kwa mama mkuu wa chekechea kuchukua robota lake. "Inuka, Baba Watoto, suruali inachafuka. Deni limekwisha. Huko kukwaruza ni chenji, baki nayo."