Damu ya Dada na Chupa ya Chai

Katika miaka ile ambayo sabuni ilikuwa habari na sukari ilikuwa siri, mtu wa Babati aliruhusiwa kuugua ugonjwa mmoja tu, nao ni malaria. Dada yangu alipoanza kuchoka hata kwa kufagia uwanja wake pale Maisaka, ilikuwa malaria. Macho yakawa ya manjano, ikawa malaria. Mkojo ukawa rangi ya chai kavu, ikabaki malaria. Akapimwa, vijidudu havikuonekana, na majirani wakatoa hukumu kwamba malaria imejificha. Sijapata kusikia kiumbe mwenye haya kama malaria ya Babati.

Mumewe, shemeji yangu, alikuwa dereva wa lori la ushirika, kwa hiyo alikuwa mtu mkubwa. Dereva siku zile alijua ng'ambo ya Namanga kuna nini, na alijua nini kinakaa salama chini ya turubai. Dada alikuwa na presha tangu uzazi wake wa mwisho. Vidonge vyake vilipotoweka hospitalini, shemeji alimletea kopo zima kutoka ng'ambo, akawa anampa kwa mkono wake mwenyewe, ikiwezekana mbele ya wageni. Ukimpa shikamoo, alikusimulia safari ya kopo lile kabla hajaitikia.

Ushauri ndio bidhaa pekee ambayo haikuadimika. Ale maini. Anywe maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe, alisema jirani mmoja mfugaji aliyetoka upande wa Simanjiro. Achemshiwe majani mekundu, kwa kuwa damu nayo ni nyekundu. Dada alikula, akanywa, akazidi kupauka, mpaka kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa safari ya kupumzika njiani.

Daktari wa hospitali yetu ya mjini alitueleza jambo ambalo hakuna aliyelipenda. Damu ya dada ilikuwa inatengenezwa vizuri, ila ilikuwa inavunjwa upesi kuliko ilivyotengenezwa. Maini yale yalikuwa maji ndani ya debe lililotoboka. Mwili una kingamwili, ambazo kazi yake ni kushika vijidudu. Mara chache hukosea, zikashika chembe nyekundu za mwenye mwili, na bandama ikazivunja chembe hizo. Kipimo cha kuzigundua kilikuwepo. Lakini dawa ya kupimia hukaa kwenye friji, friji yetu hutumia mafuta ya taa, na mafuta ya taa... Mwaka ule hakuna aliyemaliza sentensi yenye mafuta ya taa.

Ikaamuliwa damu ipelekwe Moshi, kwenye hospitali kubwa. Shemeji alikuwa anapandisha mahindi upande huo, akakabidhiwa kichupa kidogo, akaambiwa akiweke mahali pa baridi. Alirudi amenuna. Watu wa Moshi, alisema, wana majivuno. Yule wa maabara alikitazama kichupa, akamtazama yeye, akamwambia, "Hii mmeipika."

Nikamuuliza alikuwa amekiweka wapi. Kwenye chupa ya chai, alisema, tena aliijaza maji ya moto na kufunga kifuniko barabara.

"Shemeji, damu ya mtu hai ni ya moto," alinieleza, kwa upole ambao mtu huutumia kwa wasioelewa. "Ikipoa, si umempelekea daktari damu ya maiti?"

Wazee waliokuwepo walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alimsifu kwa kufikiria mbali. Dada, ambaye hakuwa na nguvu ya kukaa, alisema kutoka kitandani, "Safari hii nipelekeni mimi mwenyewe. Nikipoa njiani mtaniambia."

Tukampeleka, yeye na mimi tukibanana ndani ya lori kando ya shemeji, vumbi la njia ya Makuyuni likiingia kila palipokuwa na tundu. Hakupoa. Huko Moshi niliomba kutazama kipimo, na kwa kuwa nilikuwa nikisoma kila kitabu cha tiba nilichokipata, hata kisicho na jalada, nilijiona nastahili. Niliruhusiwa kusimama mlangoni.

Chembe za dada zilioshwa kwa maji ya chumvi, zikaoshwa tena na tena, ili zibaki zenyewe tu na kile kilichozing'ang'ania. Kisha likadondoshwa tone la dawa. Dawa ile hutokana na sungura: huchomwa sindano yenye protini za binadamu, naye hutengeneza kingamwili za kuzikamata. Kama chembe hazina kitu, hakuna kinachotokea. Kama zimeng'ang'aniwa, tone huziunganisha, zikagandamana vibonge vibonge. Za dada ziligandamana kama maziwa yaliyokatika.

Daktari akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Shemeji hakuwa akiulizwa yeye, lakini alikuwa amelingoja swali hilo maisha yake yote. Akatoa kopo, akaanza na kituo cha kwanza cha ukaguzi. Daktari alisoma lebo wakati msafara ungali Namanga.

"Dawa hii huweza kuufanya mwili uzigeukie chembe zake," alisema. "Asimeze tena hata kidonge kimoja."

"Lakini daktari, hizi nimezitoa ng'ambo," shemeji alisema, kana kwamba mpaka nao ni sehemu ya tiba.

Alipoelezwa jinsi ilivyojulikana, alilirudisha kopo mfukoni. "Kwa hiyo aliyenishtaki ni sungura," akasema. "Mnyama yule nilimjua tangu utotoni kuwa si wa kuaminika."

Vidonge vikaachwa, mgonjwa akapewa dawa nyingine za kutuliza kingamwili na za presha. Taratibu macho yakaacha manjano, na dada akaanza kufagia uwanja wake.

Wageni walikuja kutoka Singe na Bonga kutoa pole na kumshukuru Mungu. Shemeji aliwasimulia jinsi alivyomwokoa mkewe kwa lori lake. Kopo halikutajwa, na sungura pia hakutajwa. Dada alimwacha afike mwisho, huku akiwamiminia chai, akahakikisha kila mtu amekunywa funda la kwanza.

"Baba watoto," akasema, "waambie na chupa hii ilikwenda Moshi na nini."

Chupa za chai hazikupatikana popote mwaka ule. Mtu angeitupa ya nini?