Wadai Wangu Watatu Angani

"Huyo? Baiskeli tu inamtupa mtaroni, ndege ataiweza wapi!" Ndivyo alivyosema baba mdogo mbele ya watu pale mtaani kwetu Kashaulili, mjini Mpanda, nilipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu cha uhandisi wa ndege, nchi ya mbali yenye baridi. Wengine walisema nitarudi kabla koti halijachakaa. Koti lenyewe sikuwa nalo.

Lakini waliosema sana ndio waliotoa. Baba mdogo aliuza ndama, akanipa nauli ya treni. Mzee wa kijiji cha Kasekese, aliyetoka Burundi, akanipa koti lake. Mama muuza vitumbua akanipa sanduku. Nilipoahidi kuwalipa, wote walikataa fedha.

"Utanirusha," alisema baba mdogo. "Niwaone ng'ombe wangu kwa juu." Wenzake wakadai hivyohivyo.

Chuo kile kilianza kwenye ghala la viazi, mafundi wachache wakitengeneza ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Ndege ya kwanza iliyoundwa na wanafunzi iliruka muda mfupi kuliko hotuba ya kuizindua. Nilipofika mimi, vifaa vilivyoundwa kwenye karakana yake vilikuwa vinaizunguka dunia ndani ya setilaiti, na ukuta mzima ulijaa picha za mafanikio. Yangu haikuwepo, nadhani ukuta uliwaishia. Nilitoka na stashahada ya injini, tena kwa lugha ambayo hata kuomba chumvi ni mtihani.

Nilirudi Mpanda miaka ya tisini ikiwa katikati. Baba mdogo hakuuliza stashahada. Alimwambia kila mgeni, "Huyu ni mdeni wangu." Msomi mzima! Nisipowarusha, jina langu lingebaki hilo.

Ndipo ndege ndogo ya kukodi ikatua uwanjani ikikohoa. Plagi zilikuwa zimejaa masizi. Nilizisafisha, rubani akaijaribu peke yake, ikanguruma vizuri. Akauliza bei yangu. Nikasema, "Wapandishe watu wangu watatu."

Alikubali, ila alitaka kujua uzito wa kila mmoja. Nikaazima mizani ya kupimia marobota ya tumbaku. Kosa! Watu walishazoea kuwa kinachopimwa pale kinapangiwa daraja na kununuliwa.

"Mama vitumbua, daraja la kwanza!" walipiga kelele.

"Mzee wa Kasekese amekauka vizuri, mnunueni!"

Baba mdogo alipanda mizani na fimbo yake. "Mnanipima ili mniuze kwa nani nyie?" Nikamwapia kuwa hauzwi. Fimbo hakuiacha, na mama vitumbua hakuiacha ndoo yake. Rubani akajumlisha, akatikisa kichwa: uzito umezidi. Nikajitoa mimi, niliyepanga kupanda nao kwenye kiti cha nne cha abiria.

"Fundi amekataa kupanda!" mtu akapaza sauti. "Anajua alichofunga!"

Niliwajibu kwa kifua mbele kuwa kiti changu nimeiachia ndoo ya vitumbua. Ndege ikaondoka na wadai wangu wote, ikaenda upande wa Sibwesa, ikawa kama nzi. Sijawahi kusikiliza injini namna ile.

Ilirudi ikatua bila kukohoa. Mzee wa Kasekese alishuka akicheka peke yake. Mama alishuka akitangaza vitumbua vilivyotoka angani, bei mpya. Baba mdogo alishuka mbio, fimbo juu.

"Baba mdogo, vipi deni?"

"Limekwisha, injinia!" alijibu bila kusimama. "Nimewaona ng'ombe. Wako ndani ya mahindi ya watu!"