Kitambaa Kisichoungua

Juzi nilisikia chungu kikipasuka. Jirani yangu hapa mjini alibandika maharage kwenye chungu kipya kabla hakijazoea moto, na mlio ule mkavu, kama mfupa unaovunjika, ukapenya ukuta nikaacha kalamu. Hasira iliyonipanda haikumhusu jirani. Ni hasira ya zamani, na nawaambia ninyi kwa sababu kwetu hakuna anayetaka kuisikia.

Kwetu ni ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwendo mfupi kutoka Lyulilo. Wanawake hufinyanga vyungu, huvichoma pamoja mchangani kwa nyasi na kuni kila Ijumaa mchana, na Jumamosi huvipeleka sokoni. Mwaka nilipokuwa darasa la sita masika yalikuwa mazito, udongo haukauki, na Ijumaa tatu mfululizo vyungu vilipasuka motoni. Tulikuwa tukisikia darasani: pa! pa! Kisha kilio cha akina mama.

Vya Mama Subilaga peke yake vilitoka vizima. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Njisi, huko kwenye mashamba. Ndoa ndiyo iliyomleta kwetu na alijifunza kufinyanga akiwa mtu mzima. Sokoni alikaa pale mitumbwi inaposhushia mizigo, mahali ambapo mteja hawezi kukupita.

Ijumaa ya tatu, katikati ya majivu, kikaonekana kitambaa cheusi kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Ndani yake mlikuwa na nywele. Aliyekiokota ni mama yangu.

"Mnaona?" alipiga kelele. "Mnaona kwa nini vya kwake havipasuki?"

Hadi jioni kijiji kizima kilikuwa na jibu. Lisemwalo lipo, walisema wazee, kama halipo laja.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa Mwalimu Swalehe, kijana wa Kondoa mwenye shati moja jeupe lililokuwa likifuliwa kila siku. Jumatatu alitukuta tunanong'ona. Hakutukemea. Alifuta ubao akaandika: Nani aliona kwa macho yake? Ingewezekanaje bila uchawi?

"Lisemwalo lipo, sivyo?" alisema. "Haya, twendeni tukalitafute."

Akanikabidhi daftari niwe mwandishi. Hamjui nilivyovimba kichwa.

Tulianza na kitambaa. Gwakisa, mchekeshaji wa darasa, alichana kiraka cha kaptula yake na kukitupa kwenye moto wa nyasi. Hatukufika hata kumi kuhesabu, kimekuwa jivu.

"Jamani, mama ataniua!" alilia, nasi tukacheka mpaka tukakaa chini.

Kisha kila mmoja akafikia wazo lile lile. Moto unaoivisha chungu ungeachaje kitambaa bila hata kukibabua? Niliandika: Kiliwekwa baada ya moto kuzimika. Sikuandika kwamba uzi ule nilikuwa naujua. Ndio mama aliotumia kushonea mfuko wangu wa madaftari.

Fumbo la pili, kwa nini vya wengine vilipasuka, lilichukua wiki mbili. Tulifinyanga vyungu sita vidogo. Vitatu tuliviweka kwenye kichanja juu ya moto wa jiko la shule, kama alivyokuwa akifanya Mama Subilaga nyumbani kwake, na kila siku tulivipima kwa mizani ya muuza samaki. Vilikuwa vikipungua uzito kidogo kidogo. "Hayo ni maji yanayoondoka," alisema mwalimu. Uzito ulipoacha kushuka, tukajua vimekauka hadi moyoni. Vingine vitatu tulivianika siku mbili tu, kama mama zetu walivyokuwa wakifanya ili wawahi soko.

Tulivichoma vyote uwanjani, mbele ya wazazi. Vya siku mbili vilipasuka vyote. Vya kichanjani nilivigonga kimoja kimoja kwa kidole, vikalia kama kengele. Tulishangilia kama tumefunga goli. Nikasoma daftari kwa sauti, mpaka habari ya kitambaa. Uzi nikauruka.

Mama yangu ndiye aliyejibu, huku akicheka.

"Kwani hilo nani asiyelijua, Mwalimu? Chungu kibichi hupasuka. Hata mtoto wa mfinyanzi anajua."

Wanawake wote wakacheka naye. Mwingine akaongeza, "Wewe umekuja na basi, Mwalimu, na utaondoka na basi. Tuachie mambo yetu."

Mwalimu Swalehe akaanza kuokota vigae. Mimi nilifurahi. Nilidhani wamekubali! Nilidhani mtu akishakiri ukweli, kinachofuata ni haki, kama asubuhi inavyofuata alfajiri.

Jumamosi hiyo walimwaga majivu mahali pa Mama Subilaga, na kila mteja aliyemsogelea aliambiwa jambo sikioni. Hakuuza hata kimoja. Jumatatu alifunga virago arudi Njisi, ambako hakuna udongo wa kufinyanga wala mtu wa kumfaa. Nilimkimbilia njiani na daftari langu.

"Ugonile, mama," nilimsalimu. "Tumethibitisha! Kila kitu kimeandikwa humu."

Alinisikiliza hadi mwisho, mzigo ukiwa kichwani.

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru. "Ila ni mimi niliyemwonyesha mama yako kichanja changu, mwaka jana. Alisema kinachelewesha."

Akaenda.

Kwa miaka mingi nilijilaumu kwamba ushahidi wetu haukutosha, kwamba labda tungechoma vyungu kumi na viwili. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kicheko cha pale uwanjani. Hawakuwa wamedanganyika. Hatukuwa na fumbo la kuwafumbulia, kwa sababu walijua kabla yetu kwa nini vyungu hupasuka, na walijua kitambaa kimetoka wapi. Walichotaka ni mahali pale mitumbwi inaposhushia. Sisi tulikwenda kuwatibu ujinga watu ambao hawakuwa wajinga, na mimi niliyeshika kalamu nilikuwa nimeshairuka sentensi moja ambayo wangeogopa kuisikia.

Jumamosi iliyofuata mama alifagia majivu yale akapanga vyungu vyetu. Nilikaa kando yake nikiita wateja. Viliisha kabla ya saa sita. Mama akaninunulia maandazi mawili, ya moto, nami nikayala yote.