Godoro Lenye Nailoni

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alinunua gari la kulala, lile refu lenye vitanda, jiko na choo humo humo, na tangu siku hiyo hatukusikia habari nyingine. Aliliegesha mbele ya nyumba yao kule Castle Vale likaziba dirisha la sebule, dada yangu akawa anawasha taa saa sita mchana. Maskini akipata, matako hulia mbwata. Sikumwambia hivyo, ila niliiwaza methali hiyo kila nilipopita.

Julai ile joto likatukamata. Watu wa nyumbani hucheka wakisikia, lakini hawajalala kwenye vyumba vya matofali vya huku ughaibuni, Bordesley Green, vinavyotunza joto kama chupa ya chai. Baba yangu, ninayeishi naye, ni mzaliwa wa Nyahururu, ambako sweta huvaliwa mwaka mzima, na mwezi wa tatu alikuwa amepasuliwa moyo. Daktari alisisitiza apate usingizi na mahali penye ubaridi. Siku nne zilikuwa zimepita hajalala, na midomo yake ilianza kugeuka buluu, ikanitia hofu. Kwa hiyo shemeji aliposema atatupeleka vilimani Shropshire tukae siku sita, nilimeza kiburi nikakubali.

Upepo wa huko ulikuwa mtamu, siwezi kukana. Baba aliomba sweta yake, akacheka. Tukamwambia apande ndani alale. Hapo ndipo nikaona magodoro yote yamo kwenye nailoni ya dukani. Viti navyo. Hata rimoti. Sisi ndio watu wa hivyo, najua. Nimekulia kwenye makochi yaliyotunata mapajani hadi siku tuliyohama nyumba. Lakini upande mlima kutafuta baridi, kisha ujitandaze juu ya nailoni utokwe jasho?

"Viatu, shemeji," akaniambia mlangoni. "Carpet bado ni new."

Baba alijilaza. Kila alipogeuka nailoni ilipiga kelele. Baada ya nusu saa akatoka, shati limegandamana na mgongo, akamwambia shemeji kitanda ni kizuri sana, Mungu ambariki. Mkwe halalamikii godoro la mkwewe. Shemeji akavimba kwa furaha, akaanza kutueleza upya habari za betri. Mtu mzima, anashinda akifuta alama za vidole vya watu kwenye kabati, na hana macho ya kumwona mzee aliyelowa.

Yeye na dada walipokwenda kuchota maji, nilichukua kisu cha jikoni nikaichana nailoni ya kitanda kikubwa kutoka kichwani hadi miguuni. Niliufurahia mlio wake. Nikatandika shuka, nikamrudisha baba ndani na kumdanganya kwamba mwenye gari ndiye aliyeitoa. Alipitiwa na usingizi kabla sijafunga pazia, akalala mchana kutwa.

Nilimngoja shemeji nikiwa na maneno yangu tayari, mengine nimeyaweka tangu Castle Vale. Akarudi, akaiona ile nailoni imekunjwa kwenye mfuko wa taka, akainama akaishika. Aliongea polepole asimwamshe mzee.

"Ungeniambia tu, shemeji. Ningeitoa mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa hilo. Jioni baba alipoamka, uso umerudiwa na rangi, akamshukuru shemeji kwa kumtolea nailoni. Shemeji akanitazama mimi, na baba si mtoto, akaelewa. Hakunigombeza mbele ya mkwewe. Alivaa viatu, akamwomba shemeji radhi kwa niaba ya nyumba yetu, akaomba arudishwe. Shemeji alimsihi, dada akalia. Baba alisema hawezi kuwa mgeni mahali ambapo mtoto wake amechana vitu vya mwenyewe kwa kisu.

Shemeji akaturudisha Bordesley Green usiku huo huo. Asubuhi dada akapiga simu: mumewe alikuwa ametoa nailoni zote, hata za viti, na yuko tayari kumfuata mzee saa hiyo hiyo. Baba alikataa kwa upole. Chumba kilikuwa kimeshaanza kuchemka. Alinitazama mara ya kwanza tangu tuteremke mlimani.

"Ulitaka nilale," aliniuliza, "au ulitaka kumshinda?"

Nilimwambia nilitaka alale. Wiki hiyo yote hakulala.